Kondoo Wasiotapika

Mlango wa nyumba ya Shomari, kule Bweri, ulikuwa na makomeo mawili. La juu lilikuwa la wezi, na wezi wenyewe hawakuwahi kulisumbua, maana hata kwa kuchungulia dirishani waliona humo ndani hamna kitu cha kumkosesha mtu usingizi. La chini lilikuwa la kondoo. Hilo ndilo lililofungwa mchana kweupe, majirani wakipita na madumu yao ya maji, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameketi mkekani, miguu kaikunja, sindano mbili mkononi, anafuma kondoo.

Kondoo wenyewe si wa kuchinja. Walikuwa wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, wa nyuzi nyeupe, macho ya shanga, tumbo tupu. Humo tumboni inakaa pipi. Sikukuu ikifika mtoto anapata mnyama wa kuchezea na utamu wa kulamba kwa mkupuo mmoja, na mzazi anapata nafasi ya kupumua.

Shomari alikuwa fundi nyavu. Mwaloni pale Musoma, mitumbwi inaposhushia samaki, hakukuwa na wavu uliochanika ukamshinda. Lakini nyavu za siku hizi zinakuja zimeshafumwa na mashine, zikichanika zinatupwa, na fundi anabaki na vidole vyake kama mtu aliyebaki na funguo za nyumba iliyobomolewa. Ndipo mkewe, Mwanaupe, alipoleta sindano nyumbani ajifunze kufuma. Shomari alimtazama anavyozishika, akavumilia, akashindwa kuvumilia, akamnyang'anya. Tangu siku ile hakuzirudisha.

Sasa, kufuma wavu ni kazi ya kiume. Kufuma kondoo, ingawa vidole ni vilevile na fundo ni lilelile, ni jambo la kufungia mlango. Na aliyeuchora mpaka huo pale mwaloni alikuwa Shomari mwenyewe. Machibya, mvuvi mzima mwenye ndevu, alionekana siku moja anamsuka bintiye nywele kando ya mtumbwi. Shomari akambatiza jina, Mama Saluni. Jina likamng'ang'ania kama shombo. Hadi dagaa walikuwa kama wanamwita hivyo. Machibya akahamia Bunda, akaaga kwamba anafuata biashara ya pamba. Pamba gani! Alikuwa anaukimbia mdomo wa Shomari, na kila mtu alijua.

Kwa hiyo mjini, kuanzia Bweri hadi Mukendo, ilijulikana kwamba kondoo wale ni kazi ya mikono ya Mwanaupe. Mwanaupe akasifiwa, akaitwa fundi, akachekelea, na kila sifa aliifikisha nyumbani kwa mwenyewe kama mtu anayerudisha chenji.

*

"Hodi."

"Nani?" Shomari aliuliza, mkono mmoja tayari unafunika nyuzi kwa kanga.

"Nani mwingine anabishaga hodi kwake mwenyewe? Fungua, jua linanichoma."

Mwanaupe aliingia, akatua kikapu, akafunga komeo nyuma yake bila kuambiwa. Binti yao Hasna, aliyekuwa anafumua sweta la mtumba apate nyuzi, alisogea kumpisha.

"Baba Hasna, kondoo wako wanatapika."

"Wanatapika nini?"

"Pipi. Nimefika Mukendo, nafungua kikapu, pipi zote ziko chini, kondoo wako juu, midomo wazi kama wameona fisi. Yule mama Pelagia wa Butiama kaja kuangalia sampuli. Kamshika mmoja tu, pipi hiyo chini mchangani. Kabla sijainama, mbuzi kaila. Na karatasi yake!"

Hasna aliangua kicheko. "Kumbe baba unalisha na mbuzi wa Mukendo. Thawabu hiyo."

"Nyamaza wewe, fumua sweta," alisema Shomari. Lakini yalimwingia. Mtu aliyefuma nyavu ambazo sangara wa kutosha kulisha harusi nzima alipigapiga mle ndani asitoke, leo anaambiwa pipi imemponyoka!

"Oda kakataa?" aliuliza polepole.

"Angekataa ningekuwa nimekaa hivi? Anataka wa watoto wote wa kigango, kanisa lao la kule. Siku ya watoto, ile baada tu ya Krismasi yao. Malipo ya awali ameshatoa, na mimi nimeshamtumia dada yangu Faudhia, kule Bunda, hela anunue sweta nyingine mnadani. Akiridhika, anasema parokia nzima watachukua Pasaka, na hiyo ndiyo ada ya shule ya huyu hapa." Alimnyooshea Hasna kidole. "Ila masharti mawili. Pipi zisianguke. Na fundi aende mwenyewe, kina mama wamwone."

"Si uende."

"Nitaenda. Nikaonekane fundi. Wakiniuliza mishono nitawaambia nini? Mwaka wa ngapi huu nakula sifa za mtu?"

"Wanaulizaga mishono hao? Watakushangilia, watakupa wali, utarudi."

Mwanaupe aliwatoa kondoo kikapuni, akawamwaga mapajani mwa mumewe.

"Haya," alisema. "Wewe wafunge midomo tu."

*

Akawafunga. Shomari alikaa na tatizo lile kama mtu aliyetukaniwa mama. Alijaribu kitufe, akakidharau. Alijaribu kifungo cha utepe, akakiita mambo ya sare za chekechea. Mwishowe akarudi kwenye anachokijua: akauzungushia mdomo wa kondoo macho madogo ya wavu, akapitisha uzi ndani yake, akaupeleka tumboni hadi mkiani. Akatia pipi, akakaza.

Asubuhi moja alimwita mkewe kwa sauti ya kunong'ona yenye majivuno.

"Mama Hasna, njoo. Shika huyu. Mtikise."

Mwanaupe alimtikisa. Alimpindua kichwa chini. Alimpigiza gotini. Pipi ikabaki tumboni, imetulia kama mjumbe wa nyumba kumi.

"Mchawi wewe," alisema, na uso wake ukafunguka. "Hata ukivuta?"

"Ukivuta ndo unazidi kukaza. Wavu hauombwi samaki."

"Na mtoto anaitoaje?"

"Rahisi sana. Unashika hapa, halafu hapa nyuma una—"

"Hodi wenye nyumba! Au mmehama mmeacha redio?"

Ilikuwa sauti ya Khalidi, muuza samaki, mtu asiyengoja kukaribishwa. Kilichofuata kilikwenda kwa mpangilio wa mazoezi ya zimamoto. Sindano zikaruka kutoka mkono wa mume kwenda mkono wa mke. Kondoo wakaingia chini ya kanga. Shomari akajitupa kwenye kochi, akachukua redio, akaanza kuigeuza geuza kama anaitafutia ugonjwa. Hasna akafungua mlango, macho yamemtoka kwa kuzuia kicheko.

"Shemeji, upo kazini!" Khalidi alisema, akakaa. "Hiyo mikono yako ingekuwa ya mwanaume ungeshajenga ghorofa. Na wewe Shomari, siku hizi hata mwaloni huji. Unamlinda mke?"

"Redio hii inanisumbua."

"Redio mwaka mzima! Sikia sasa kichekesho. Nimekutana na jamaa wa Bunda, ananiambia kuna mwanaume huko anafuma vitambaa vya makochi. Mwanaume, ana ndevu! Anakaa kibarazani anafuma, watu wanapita wanamsalimia."

Kisha Shomari akacheka. Alicheka wa kwanza, akacheka kwa sauti kuliko Khalidi, akapiga paja, akasema, "Huyo atakuwa shoga yake Mama Saluni," na Khalidi akalia machozi kwa kucheka.

Mwanaupe hakucheka. Alikuwa ameinamia sindano zile zilizogeuzwa kichwa chini mkononi mwake, anajifanya anahesabu mishono, na shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayemwagiwa maji baridi. Shomari aliiona ile shingo. Akaongeza sauti ya redio.

Khalidi alikaa hadi chai ikaisha, na alipoondoka mambo yalikuwa mengi: sweta kutoka Bunda zimefika, ugali uko jikoni, mikono ina kazi. Lile la kutoa pipi likasahaulika chini ya kanga.

*

Gunia la kondoo lilikuwa kubwa kuliko Mwanaupe, kwa hiyo Shomari alisema atamsindikiza. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema. Sababu ya moyoni ilikuwa nyingine: alitaka kuona. Fundi gani asiyetaka kuona wavu wake ukiingia majini?

"Ila wakiuliza," alisema walipokuwa wanashuka Butiama, akiivuta kapelo hadi kwenye nyusi, "mimi ni kijana wa mzigo."

"Kijana!" Mwanaupe aliitazama mvi ya kidevuni kwake. "Hiyo nayo nitaisema kwa mdomo huuhuu?"

"Sema mbeba mzigo tu. Kuna mzee mmoja wa huku, Makongoro, alikuwaga na mitumbwi Musoma. Ananijua. Na akijua jambo asubuhi, mchana linakaangwa na samaki mwaloni."

"Ajue nini? Kwamba una mke?"

"Mama Hasna, tafadhali."

Mwanaupe aliitikia kwa kufunga kilemba upya, akakikaza kuliko ilivyohitajika.

Kigango kilikuwa kimejaa. Kina mama wa vitenge vya sare walikuwa wanazunguka na sufuria za pilau nyuma ya kanisa, na watoto wamekaa sakafuni, wameoshwa, wamepakwa mafuta, wanang'aa kama mabati mapya. Pelagia, katibu wa kina mama, mwembamba mwenye sauti ya kengele, alimpokea Mwanaupe mlangoni kwa kumkumbatia.

"Fundi wetu huyu! Karibu, mama. Na huyu baba?"

"Mbeba mzigo," alisema Mwanaupe. Alisema bila kumtazama.

"Basi baba, weka pale, ukae pale nyuma, chakula utapata."

Shomari akaweka pale, akakaa pale. Mzee Makongoro alikuwa mbele, kwenye kiti cha wazee, mkongojo katikati ya magoti, kisogo chake kinene kimeelekea nyuma. Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Mwanaupe alisimamishwa mbele akapigiwa makofi. Pelagia akasema huyu mama ni Muislamu wa Musoma, lakini ametutengenezea kondoo wa horini kwa mikono yake mwenyewe, hebu mpigieni tena. Wakapiga tena. Nyuma kule mbeba mzigo alijikuta naye anapiga, kwa furaha au kwa wivu, hakujua. Makofi ni yake na hawezi kuinuka kuyapokea.

Kondoo wakagawiwa. Watoto wakashangilia. Wakawabusu, wakawapiganisha vichwa, wakawabonyeza matumbo wakasikia karatasi ya pipi inalia humo ndani. Ndipo wakaanza kuvuta midomo.

*

Wa kwanza kulia alikuwa mtoto mdogo wa gauni la njano. Alivuta, mdomo ukakaza. Akavuta tena, ukakaza kabisa. Akatia kidole, kidole kikabana, akapiga ukelele kama aliyeumwa na kondoo. Jirani yake akajaribu kwa meno. Mwingine akajaribu kwa kumkanyaga. Muda si mrefu kanisa zima lilikuwa linavutana na kondoo, na kondoo wanashinda.

"Mama Hasna," Pelagia aliita juu ya kelele, bado anatabasamu, "njoo utuoneshe, tunafunguaje?"

Mwanaupe akaja. Akamchukua kondoo mmoja. Akavuta mdomo, kwa sababu mdomo ndio unaofunguliwa kwa kila kiumbe anayemjua. Ukakaza. Akajaribu shingo. Akajaribu tumbo. Jasho likaanza kumtoka chini ya kilemba.

"Huyu... huyu labda amekaza sana. Nipe mwingine."

Akapewa mwingine. Kina mama walioshika miiko walianza kuingia mmojammoja. Nyamburi, mpishi mkuu, mwanamke mnene asiyefichaga mawazo, alisimama mkono kiunoni.

"Wewe si ndo umewafuma?"

"Ndiyo."

"Na umewafunga wewe?"

"Ndiyo, mimi."

"Sasa mbona unamshika kama umemwokota?"

Kicheko kidogo kikapita. Mwanaupe aliinua uso akatazama nyuma. Hakuita. Hakuashiria. Alimtazama tu mbeba mzigo kule kwenye benchi, kama mtu aliye ndani ya maji anavyomtazama aliye ukingoni.

Shomari aliinamisha kapelo, akatoa simu, akaanza kuisoma. Simu ilikuwa imezima.

"Tumechelewa, chakula kinapoa," alisema Pelagia, tabasamu limeshamwisha. "Lete kisu."

Kisu kikaja, cha vitunguu. Kondoo wa kwanza akachanwa tumbo mbele ya watoto. Pipi ikatoka, na nyuzi zikafuata kama matumbo. Mtoto wa gauni la njano alipoona hivyo alilia kilio cha msibani, na kilio hicho ni cha kuambukiza: wengine wakawakumbatia kondoo wao, wakakimbilia kwenye kona, wakapiga kelele wasichinjiwe. Nyamburi, kisu mkononi, akabaki anaonekana kama Herode. Ilikuwa kichekesho, na watu wengine walicheka. Shomari kila uzi uliokatwa aliusikia kwenye vidole.

"Niambie ukweli, mama," Pelagia alisema, sasa kwa sauti ya chini ambayo kanisa zima liliisikia. "Hivi vitu umevinunua wapi? Kwa Wachina? Siyo dhambi kuuza. Dhambi ni kutudanganya kwamba ni mikono yako."

"Ni vya kufuma. Nimefuma mwenyewe."

"Basi shika uzi huu, fuma hata mstari mmoja tuone."

Sindano zilikuwa kwenye kikapu chake. Shomari mwenyewe ndiye aliyezitia mle asubuhi, ili aonekane fundi. Mwanaupe akazishika. Alijaribu. Uzi ukaanguka, akauokota, ukaanguka tena. Hakuna aliyecheka safari hii, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Hapo Shomari aliinuka. Na kama angesema neno alilopaswa kusema, hadithi ingeishia hapo na watu wangekula pilau la moto. Lakini aibu ina akili zake. Ilimtafutia njia ya katikati.

"Samahanini," alisema, akiikwaruza sauti yake isijulikane. "Labda mjaribu kuvuta mkia."

Wakamgeukia.

"Mimi sijui, nawaza tu. Mkivuta mkia."

Akamchukua kondoo wa mtoto wa gauni la njano, akavuta mkia kwa vidole viwili. Mdomo ukalegea, ukafunguka kama miayo. Pipi ikadondoka kiganjani kwa mtoto. Kanisa likalipuka kwa furaha. Mikia ikavutwa kila kona.

"Ee Mungu wangu!" alisema Nyamburi. "Mbeba mzigo anajua kuliko fundi!"

"Mwenye akili ni huyu," alisema Pelagia, akafungua pochi. "Shika baba, elfu moja ya soda. Umetuokoa." Kisha akamgeukia Mwanaupe, na macho yake yalikuwa kama ya mtu anayefunga duka. "Wewe mama, tutaongea baadaye."

Shomari alijiona anaipokea ile elfu moja. Mkono uliipokea wenyewe, kama ulivyozoea kupokea kila ulichopewa.

"Mura, we kijana," ilisema sauti nzito kutoka kiti cha wazee. Mkongojo uligonga sakafu. "Hebu vua hiyo kofia. Wewe siyo Shomari? Shomari wa nyavu?"

Akavua. Afanye nini?

"Shikamoo mzee Makongoro."

"Marahaba. Si ndo Shomari huyu! Huyu mama si mke wako? Nilikula ndoa yenu, mbuzi mzima."

Pelagia alitazama mume, akatazama mke. "Mume? Mama, si ulituambia mbeba mzigo?"

Ndipo kina mama walipomgeukia Mwanaupe kwelikweli. Kusema uongo wa kondoo ni jambo moja; kumkana mume ni jingine.

"Mume wa ndoa unamwita mbeba mzigo!" Nyamburi alisema. "Mbele za watu! Kisa mwenzio hana kazi, wewe umeshika vijisenti vya kuuza kondoo wa dukani? Wanawake wa mjini nyie! Mume kakaa nyuma kama mbwa, na bado ndiye kaja kukuokoa."

"Mwache, mama," alisema mwingine. "Baba wa watu mpole, kanyamaza tu."

Mwanaupe alisimama katikati yao, sindano mkononi. Angeweza kusema. Maneno yalikuwepo, na yalikuwa machache tu. Badala yake alimgeukia mumewe akasubiri. Alimsubiri wazi, mbele ya wote, bila hasira, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni: tangulia wewe.

Shomari alilamba midomo.

"Ah," alisema. "Huyu tunataniana tu. Ni utani wetu wa nyumbani."

Mwanaupe akaitikia kwa kichwa. Akaziweka sindano juu ya benchi, taratibu, akachukua kikapu chake, akawaambia kina mama, "Samahanini kwa usumbufu," akatoka nje.

*

Kanisani kulibaki kelele za watoto na harufu ya pilau. Watu waliendelea kumsifu Shomari kwa upole wake. Mtu akampa kiti. Mwingine akamletea sahani ya kwanza kabisa, nyama juu. Mtoto akaja na kondoo wake na karatasi tupu ya pipi, akamwomba airudishe ndani na kufunga. Shomari aliifunga, vidole vikaenda vyenyewe, fundo, kitanzi, kaza.

Mzee Makongoro alikuwa anavitazama vile vidole.

"Hilo fundo," alisema mzee, "limenivulia samaki miaka mingi."

Shomari aliitazama sahani, akaitazama elfu moja iliyokunjika kiganjani, ikimwuma kama kaa la moto. Akaiweka sahani sakafuni.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" aliuliza Pelagia.

"Nimewafuma mimi. Wote. Mke wangu hajui hata kushika sindano. Nilimwambia aseme ni yeye. Na mbeba mzigo, nilimwambia mimi."

Wakamtazama, wakatazama vile viganja vyake vipana. Nyamburi ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akashika ukuta. Makongoro akacheka, mkongojo ukimcheza. "Shomari! Wewe! Uliyemfukuza Machibya mjini!" Wakacheka wote, na Shomari akakaa katikati ya kicheko kile alichokikimbia kwa makomeo na redio na jina la mkewe, akangoja kimuue.

Kikaisha. Kilidumu kama mvua ya jua. Nyamburi akafuta macho akauliza nani hajapata nyama. Pelagia akasema basi baba, Pasaka tutengenezee na kuku. Watu wakarudi kwenye sahani zao. Ndiyo yalikuwa hayo tu.

Hapo ndipo aibu halisi ilipomshika. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuchekwa. Hii ilikuwa ya kujua bei ya kitu alichomlipisha mkewe: kicheko cha muda wa kugawa nyama.

Akamrudishia Pelagia elfu moja yake, akatoka mbio.

Mwanaupe alikuwa kando ya barabara, kikapu miguuni, anasubiri gari la Makutano. Hakuwa analia. Shomari angependa awe analia. Mtu anayelia anajua amfanyeje.

"Nimewaambia," alisema akihema.

"Umewaambia nini?"

"Kila kitu. Kwamba ni mimi. Wamecheka, basi. Na oda ya Pasaka wametoa."

"Umewaambia saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Mimi nikiwa wapi?"

Shomari aligeuka akatazama kule kanisani.

"Baba Hasna," alisema Mwanaupe, "nilipotukanwa nilikuwa mle ndani. Nilipoitwa mwongo nilikuwa mle ndani. Nilipoambiwa namdharau mume wangu nilikuwa mle ndani, nimesimama, na wewe upo. Ukweli ndo unaniletea barabarani? Kama chenji?"

"Sasa unataka nifanyeje? Wameshajua."

"Wamejua wakiwa na wewe. Wamekucheka, wakakusamehe, wakakupa na oda. Mimi nimetoka mle ndani mwizi." Alichukua kikapu. "Twende."

"Wapi?"

"Kanisani."

"Mama Hasna, wanakula wale."

"Wana masikio."

Walirudi. Yeye alitangulia, mume nyuma, na safari hii hakuna mtu aliyekuwa na mzigo. Mlangoni Mwanaupe alisimama kando akamwacha apite, kisha akaja akasimama ubavuni kwake. Miiko ilikuwa inagonga sahani. Watoto walikuwa wanavuta mikia. Mara ya kwanza Shomari alisema kwa sababu maneno yalikuwa yamemfika kooni. Sasa ilibidi ayatafute, moja moja. Na Shomari, mdomo wa mwaloni mzima, hakuyaona.

Alimtazama mkewe amsaidie hata kwa neno la kwanza. Mwanaupe alikuwa anatazama mbele.

"Jamani," alisema Shomari. "Huyu ni mke wangu. Hajawahi kuniita mbeba mzigo. Mimi ndiye niliyeona haya kuitwa mumewe, kwa sababu... kwa sababu nafuma. Yeye amesema uongo wangu. Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma, namwona. Namwona kabisa."

Kijiko cha Nyamburi kilisimama hewani. Benchi za mbele zilinyamaza. Benchi za nyuma ziliendelea kutafuna.

"Ongeza sauti," Mwanaupe alimwambia. "Wa kule nyuma hawajasikia."